Kitambaa cha Kijani

Mwanangu Rebin alipouawa vitani, nilivaa nyeusi. Kwetu mfiwa haivui mwenyewe. Jirani mwenye harusi huja na kitambaa cha rangi, akamwomba ruhusa ya kuposa na kusherehekea. Mfiwa akikipokea, ngoma zinalia mtaani. Akitangulia kusema, watu wataambiana hakumlilia mwanawe. Basi nikakaa kungoja kuombwa.

Barua za Gelawej zilipitia kwangu. Alikuwa mpiganaji wa kikosi cha wanawake, huko mstari wa mbele walikokatazwa simu, na mpwa wangu ndiye aliyewapelekea mkate. Akirudi na kreti tupu, aliniachia bahasha ya Hemin, fundi cherehani tuliyepakana ukuta, aliyepoteza mguu kwa bomu la ardhini.

"Mama Rebin, kuna barua yangu?"

"Ipo. Nisomee kwanza, ama nawashia jiko."

Hemin alisoma huku anaona haya. Gelawej alikuwa na ulimi huyo! "Hemin wangu, suruali uliyonishonea imepasuka makalioni, kikosi kizima kimecheka. Hivi ulinipima au uliniota?" Nilicheka mpaka nikashika mbavu, mimi niliyedhani kicheko nimekizika na Rebin.

Lakini kila barua iliishia palepale: "Tuma wazee kwa baba. Nikiposwa, kamanda atanipa likizo ya harusi. Nimechoka kukupenda kwa karatasi."

"Sasa mbona hamwendi?" nilimwuliza.

Aliitazama nguo yangu nyeusi, akainamisha kichwa. "Bado bado, mama."

Nikaelewa. Mamake, Perizad, alikuwa ananionea haya. Hata redio aliipunguza nikipita! Alileta maziwa mgando, akaleta dolma, wali uliofungwa kwa majani ya mzabibu, kitambaa hakuleta. Nilikuwa napandwa na hasira: we mwanamke, niletee hicho kitambaa! Lakini mila iliyomfunga yeye ndiyo iliyonifunga mimi. Baridi ikaisha, moto wa Nowruz, mwaka mpya wetu, ukawashwa, na barua zikazidi kuwa fupi. Mara Gelawej akaandika, "Siulizi tena. Kama hunitaki, sema kiume."

Hemin aliikunja ile barua. "Leo namwambia mama. Liwalo na liwe."

Kesho yake Perizad akaingia kwangu na kitambaa cha kijani kwapani.

"Nisamehe, dada. Nilikuonea haya."

"Haya gani? Mwaka mzima nakungoja wewe!"

Tulilia, tukacheka, nikajitanda kile kitambaa hapohapo. Ijumaa ndiyo wazee wangekwenda. Hemin akaandika barua ya kurasa nne, mpwa wangu akaipakia na mkate.

Aliirudisha Alhamisi, haijafunguliwa. Gelawej alikuwa ameuawa alfajiri ile.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, husema watu, nao hawajui maumivu haya.

Msibani, wanaume wa ukoo husimama mstari mlangoni pa hema kupokea pole. Mchumba husimama nao. Hemin hakuwa mchumba wa mtu. Mpwa wangu, aliyekuwa nyuma yake, alinisimulia: alipita na magongo yake, akapeana mikono na kila mmoja kama mgeni, mpaka akafika kwa baba wa marehemu.

"Asante, kijana," mzee akamwambia. "Binti yangu ulimjuaje?"

Hemin aliyaweka magongo yake sawa, waliokuwa nyuma wakaanza kusukumana.

"Nilikuwa namshonea suruali, mzee," akasema, akaenda kukaa na wageni.