Siku Aliyopangiwa Notburga

Neno lililomficha Baltazar siku zote za msiba lilikuwa moja tu: kupangiwa. Waombolezaji waliingia uani kwake Mfaranyaki, wakamshika mkono, wakasema, "Pole, mwalimu. Mkeo alipangiwa siku yake." Naye akaitikia, "Alipangiwa." Jamani, neno tamu lile! Unamtwisha Mungu mzigo wako, wewe unabaki kupewa pole.

Lakini yeye alijua. Yeye na mkewe Notburga walikuwa shambani Namtumbo, tumbaku imetundikwa kwenye bani la kukaushia, na moto wa bani hauachwi. Ukizima, jasho la mwaka mzima linaoza. Jumatatu Notburga alishika kifua. "Ngoja tumbaku ikauke," Baltazar akamwambia, "kesho nitakupeleka hospitali." Jumanne akasema kesho tena. Jumatano alfajiri Notburga alikata roho juu ya pikipiki, hata lami hawajaifikia. Tumbaku ilikauka vizuri sana.

Sasa jeneza liko mbele ya watu, naye amesimama na karatasi ya wasifu wa marehemu. Alizaliwa, akabatizwa, akaolewa. Yote aliyasoma kwa sauti yake ya darasani. Akafika mwishoni. "Aliugua ghafla, na siku aliyopangiwa na Mungu..."

Macho yakamwangukia mama mkwe wake, bibi Honorata, aliyeketi mkekani. Bibi alikuwa anatikisa kichwa polepole, anakataa. Baltazar akaishusha karatasi.

"Mama, nisamehe," akasema. "Hakuugua ghafla. Aliumwa siku mbili, mimi nikangojea tumbaku. Mungu hakupanga hivyo. Nilipanga mimi."

Optatus, kaka wa marehemu, akainuka amekunja ngumi. Honorata akamshika koti.

"Kaa chini, mwanangu. Jumanne dada yako alinipigia simu analia, 'Mama, mwambie mume wangu anipeleke.' Mimi nikamjibu, vumilia, mwenzio ana kazi." Akajifuta uso kwa kanga. "Tangu juzi na mimi naitikia tu, alipangiwa, alipangiwa."

Baltazar akapiga magoti, analia waziwazi. Hakuna aliyemwinua.

"Lifute hilo neno, mkwe wangu," Honorata akasema. "Andika kwamba tulimchelewesha. Halafu usome tena, kwa sauti. Wenye mabani hapa ni wengi."