Simu ya Mikono Miwili

Kinyozi alikuwa ameshafuta kwenye simu yake picha zote za mitindo ya nywele, zile alizokuwa akiwaonyesha wateja wachague, na bado simu ikamwambia nafasi haitoshi. Akafuta nyimbo. Akafuta picha za harusi yake mwenyewe, maana mkewe anazo. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alichotaka ni programu moja tu ya kupigia simu ya video, ipite, na ipite leo kabla ya jioni.

Dada yake mkubwa alikuwa kitandani mbele yake, mguu wa kulia umefungwa bendeji mpaka karibu na goti. Kisukari. Kidonda kilianza kidoleni, pale alipokanyaga sindano iliyodondoka chini ya cherehani, na sasa daktari alikuwa amesema waziwazi kwamba mguu ukatwe leo, la sivyo sumu itapanda na hakutakuwa na la kufanya. Kila walipomletea kitanda cha magurudumu, dada aliukumbatia mguu wake na kuwakazia macho. Hakujua wanataka nini. Hasikii tangu kuzaliwa, shule hakupelekwa, na lugha ya mikono anayoizungumza waliitunga yeye na binti yake, wawili peke yao, jikoni na penye cherehani. Dunia nzima wanaoijua ni hao wawili, na mmoja wao yuko ng'ambo anafanya kazi za ndani.

Na Kinyozi je? Amekulia nyumba moja na dada yake. Anajua ishara ya kula, ya kulala, ya njoo, na ile ya jina lake mwenyewe, ambapo dada hujivuta sikio, kwa sababu alikuwa mtoto mtundu asiyeisha kuvutwa masikio. Basi. Mengine yote alimwachia mpwa wake tangu mpwa ana meno ya utoto. "Hebu mwambie mama yako," ndivyo alivyozungumza na dada yake miaka yote hiyo, wala hakuona aibu.

Huko aliko mpwa, maandishi yanapita, sauti inapita, hata video fupi ya kurekodi inapita. Simu ya video kwenye ile programu ya kila mtu ndiyo imefungwa. Jana Kinyozi alimpa habari ya mguu kwa sauti. Mpwa alilia, kisha akakataa kurekodi chochote.

"Mjomba, hili silisemi kwa video ya kutuma. Nimwambie anakatwa mguu halafu nizime? Lazima anione na mimi nimwone, aniulize nimjibu. Tafuta apu inayopita. Kesho mama mwenye nyumba akilala mchana nitaingia stoo. Nitakuwa na dakika chache tu."

Sasa mchana wenyewe ndio huu, na wodini kila mtu amegeuka mtaalamu. Mama wa kitanda cha dirishani alisema hakuna kama ile ya buluu, mwanawe yuko ng'ambo na wanaongea mpaka wanachokana. Kinyozi akaipakua, na mpwa huko akaipakua. Ikaita, ikaita, ikakata. Mzee aliyekuja kumwona mkewe akasema hizo ni za watoto, achukue ile ya siri ambayo hata serikali haiwezi kuisoma. Hiyo ikadai kumtumia mpwa namba ya kuthibitisha, namba haikufika, na siri yake ikabaki nayo. Nyingine ilimleta mpwa mara moja, mdomo wazi, picha ikaganda hivyo hivyo. Kinyozi alijifuta jasho kwa mkono wa shati. Dada alikuwa anamtazama tu, kama anavyomtazama mtu anayekoroga kazi.

Daktari akapita. "Kaka, chumba cha upasuaji kiko tayari. Mmeshamweleza?"

"Natafuta apu, daktari. Nipe muda kidogo."

"Muda ndio sina. Yeye ndiye hana zaidi."

Muuguzi aliyekuwa akipima presha kitanda cha pili akamhurumia. "Jaribu hii ninayosomea. Ni ya mikutano ya maofisini, labda huko hawajaifunga."

Ikapita. Mpwa alitokea, safi kabisa, nyuma yake rafu za sabuni na mashuka. Simu yake alikuwa ameiegemeza kwenye kopo, akasimama mbali ili aonekane mpaka kiunoni na mikono yote miwili iwe huru. Kinyozi nusura apige magoti kwa furaha. Akazima sauti kwa mazoea, maana mazungumzo ya hawa wawili hayajawahi kuwa na sauti, akamwinulia dada simu usoni, karibu, ameinyoosha sawasawa, jinsi anavyomshikia mteja kioo baada ya kumnyoa.

Uso wa dada ukachangamka, mikono ikaanza kwenda mbio juu ya shuka. Mpwa akawa anaonyesha chini, chini, kwa vidole vyote.

"Anamwambia habari za mguu," Kinyozi akamnong'oneza muuguzi, na machozi yakamlenga. Akaisogeza simu karibu zaidi ili dada aone vizuri.

Mpwa akazidi kuonyesha chini, mdomo unakwenda. Mara akageuka kutazama mlango, na picha ikapotea. Baada ya kitambo kidogo ujumbe ukaingia.

"Mjomba nilikuwa naona uso tu. Mikono ya mama sikuiona. Nimekuita ushushe simu mpaka nikaogopa nitasikika. Hata sikuanza kumwambia. Mama mwenye nyumba ameamka. Mwambie wewe."

Kinyozi aliusoma, akausoma tena, akatamani ardhi ipasuke immeze. Simu ile kwa dada yake ilikuwa mikono, naye akamshikia uso. Na palepale akajua jambo jingine lililomuumiza zaidi. Tangu asubuhi alikuwa akihangaika na apu hii na ile ili aseme mtu mwingine.

Daktari alikuwa amesimama mlangoni. Kinyozi akaitia simu mfukoni, akaketi kitandani, akapiga moyo konde.

Akajivuta sikio: mimi. Akaweka ukingo wa mkono chini ya goti la dada yake, akaupitisha taratibu kama kisu. Dada akautazama mkono, kisha uso wake. Akarudia, maana hakuwa na maneno mengine. Halafu akaonyesha bendeji, akapandisha kidole mpaka moyoni mwa dada, akafanya ishara ya kulala, akafumba macho na hakuyafumbua mpaka aliposikia dada yake anavuta pumzi.

Dada hakulia. Ule mguu wa bendeji ukaanza kusogea juu ya shuka, kisigino, vidole, kisigino, vidole. Wodi nzima ikaelewa kwamba ni cherehani.

Kinyozi akamgusa mguu wa kushoto. Dada akatikisa kichwa. Ule haujawahi kukanyagia. Kinyozi akavua kandambili, akaweka mguu wake kando ya ule wa dada, akaanza kukanyaga hewani, vibaya, bila mpangilio.

Dada akautazama ule mguu wa ovyo kwa muda. Kisha akaanza kumpigapiga gotini, polepole, haraka, polepole, akimrekebisha mwendo, mpaka ukakaa sawa.

Akaiachia bendeji. Akajivuta sikio, akanyoosha kidole kwa daktari pale mlangoni. Kinyozi alielewa bila mkalimani, akainuka huku analia kwenda kumwita daktari.