Kuzikwa Si Kujiuzulu

Nafasi ya uhadhiri haikutangazwa kwa sababu profesa aliyekuwa nayo alizikwa Jumamosi, na Jumatatu akarudi kazini.

Alifika mapema, na suti ile ile aliyozikwa nayo, akafungua ofisi kwa ufunguo wake. Mhudumu alimpelekea chai. Hakuinywa, ila alikishika kikombe kwa mikono miwili kwa ajili ya joto. Udongo uliomdondoka chini ya kiti ulifagiwa pamoja na vumbi la chaki.

Mwanamke aliyekuwa akiingoja nafasi hiyo alikuwa na shahada ya uzamivu na mkataba wa muda. Miaka yote ya ugonjwa wa profesa, yeye ndiye aliyemfundishia, akamsahihishia mitihani na kumwandikia makala. Wanafunzi walimwita Kaimu, naye aliitika. Alikwenda kwa mkuu wa idara, akamkuta anajipepea kwa faili.

"Mkuu, nimekuja kwa ile nafasi."

"Nafasi gani? Mwenyewe yupo. Hujamwona?"

"Tulimzika, Mkuu. Wewe ndiye uliyesoma wasifu wake."

"Niliusoma, na watu walilia. Lakini kuzikwa si kujiuzulu, dada yangu. Hapa utaratibu ni mmoja: mtu anaacha nafasi akinikabidhi ufunguo mkononi. Huyu hajanikabidhi."

Kaimu akaenda kumwomba profesa aukabidhi. Profesa alimkaribisha kiti, kama alivyozoea enzi za uhai wake. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo, kama ya redio yenye betri zinazokwisha.

"Mwanangu, haki yako naijua," alisema. "Lakini kule nilikotoka hakuna wa kukuita Profesa. Mnalala tu, kila mtu sawa na mwenzake. Nivumilie muhula mmoja."

Akamvumilia. Kwa kuwa sauti ya profesa haikuvuka safu ya kwanza ya ukumbi, Kaimu alisimama kando yake akafundisha, na profesa akatikisa kichwa kila penye hoja nzuri. Wanafunzi wa mbele walilalamikia harufu. Wakaruhusiwa kufungua madirisha. Makala iliyotoka mwaka huo ilibeba jina la profesa. La Kaimu lilikuwa chini kabisa, kwenye shukrani.

"Marehemu anachapisha kuliko nyinyi wazima," mkuu aliwaambia wahadhiri kikaoni. Wakacheka kwa adabu.

Muhula ukazaa muhula. Mchumba wa Kaimu, fundi umeme asiye na maneno mengi, alimuuliza, "Huyo marehemu wako atakufa lini?" Fundi akaoa muuguzi, na kadi ya mwaliko akaileta mwenyewe, kwa heshima.

Mama yake, aliyekuwa akishona nguo nyumbani, naye aliuliza.

"Mwakani, mama."

"Hiyo mwakani yako haina miguu, mwanangu. Haifiki."

Mama aliugua wiki ya mitihani. Kaimu aliomba ruhusa. Mkuu alimweleza, bila ukali, kwamba ruhusa hupewa mwenye nafasi, kwa hiyo anayepaswa kuiomba ni profesa. Profesa alifikiri sana, akasema hawezi kusema uongo: yeye hakuwa na mgonjwa.

Mama alifariki Alhamisi alasiri, Kaimu akiwa amesimama ukumbini akiwasomea wanafunzi maelekezo ya mtihani. Akazikwa Jumamosi.

Jumatatu Kaimu hakwenda kazini. Alifagia uwanja, akafungua mlango wa mbele, akaketi akiutazama. Alichemsha maji, yakapoa, akachemsha mengine. Jioni jirani aliyemuuguza mama akaja kuketi naye.

"Unamngoja?"

"Profesa alirudi Jumatatu."

"Hao wanaorudi ni wenye vyeo, mwanangu. Mama yako alikuwa na cherehani tu. Funga mlango, mbu wanaingia."

Akafunga.

Jumanne alirudi chuoni. Mkuu alimpa pole, akamweleza kwamba mhadhiri mmoja mzee wa idara ya jirani naye amezikwa na amerudi, na kwamba yule sauti hana hata chembe. Kwa kuwa Kaimu alikwisha kuwa na uzoefu, je, angeweza kumsaidia na yeye?

"Saa ngapi?" aliuliza Kaimu.

"Mchana, ukishamaliza na wako."

Akakubali. Ukumbi wa pili ulikuwa na madirisha makubwa zaidi.

Alifundisha hivyo hadi nywele zilipomwisha weusi, na akaondoka chuoni akiwa bado Kaimu. Kazi ile ilimgharimu mchumba mmoja, watoto aliokwisha kuwachagulia majina, makala zote alizoandika, na ile Alhamisi alasiri ambapo mama yake alimwita, akaitikiwa na jirani.