Kitambaa Juu ya Betri

Watu wa Timbwani wanasema nilimtoa mzazi nje kabla ya siku zake arubaini kuisha. Ni kweli, nilimtoa. Nilimtoa mchana kweupe, jua likiwa utosini, nikampitisha mbele ya baraza la majirani na kitoto kichanga kifuani. Naandika haya ili mjukuu wangu Ikhlas, ndiye kichanga yule, akikua na kuyasikia maneno yao, asikie na yangu.

Kwanza nimtaje kwa wema mwanangu Hussam, kwa sababu mambo yote haya yalianza kwa wema wake. Mkewe, Ruwaida, alijifungua katika joto lile la mwezi wa tatu ambalo hata ukuta hutoka jasho. Umeme ulikuwa ukikatika karibu kila mchana. Hussam hufanya kazi bandarini. Akirudi jioni humkuta mkewe amelowa shuka zima na mtoto ana vipele shingoni. Moyo ukamuuma. Hakusema na mtu. Akaingia kwenye simu yake, akanunua paneli ya sola na betri kutoka duka la mtandaoni.

Ilipofika aliibeba mwenyewe kutoka feri, hakutaka msaada wa mtu. Hata viatu hakuvua. Akapandisha paneli juu ya bati, akavuta nyaya, akafunga feni chumbani kwa Ruwaida. Feni ikazunguka. Ruwaida akalia kwa furaha, na mimi nikamwombea mwanangu dua. Dua ile sijairudisha mpaka leo.

"Bei yake ndogo, Mama, na picha yake ina nyota nne na nusu," akaniambia.

Aliiweka betri ukumbini, mlangoni hasa pa chumba cha mzazi, kwa kuwa pale mwizi hafiki. Nyumba yetu ina ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Chumba cha Ruwaida ni cha mwisho kabisa. Mlango wa uani tuliuziba tulipojenga vyumba vya kupangisha, na madirisha yote yana nondo. Anayetoka chumba kile hana njia ila kupita mbele ya betri.

Na sisi kwetu kitu cha thamani hakiachwi uchi. Redio ina kitambaa chake, friji ina kitambaa chake. Bi Kafedha, mama yake Ruwaida, alikuwa amekuja kutoka upande wa Shelly Beach kumlea binti yake. Alikuwa na kitambaa alichokifuma mwenyewe kwa uzi wa nailoni, cheupe chenye maua ya manjano. Akaifunika betri, akanyoosha pembe zote. Juu yake akaweka chupa ya marashi, na kila Magharibi, akimaliza kumfukiza mtoto ubani, aliweka pale pale sahani ya chetezo, makaa yakiwa bado mekundu. Kutazama kulipendeza, sikatai.

Lakini ukumbi huo naufagia mimi. Wa kwanza kunishtua alikuwa paka wetu. Mwanzo alihamia pale kwa sababu ya joto, kisha siku moja akapanusa, akarudi nyuma, hakulala pale tena. Baadaye nikasikia harufu tamu, kama ya rangi ya kucha. Nikatia mkono chini ya kitambaa. Betri ilikuwa ya moto kama sufuria iliyoepuliwa punde, na ubavu wake mmoja umefanya tumbo.

Nikakiondoa kitambaa. Bi Kafedha akakirudisha. Nikakiondoa tena. Akakirudisha, na chupa ya marashi juu.

Jioni nikamwambia Hussam, "Mwanangu, ile betri imevimba."

"Mama, pale pembeni imeandikwa salama."

"Na hilo tumbo nalo limeandikwa?"

Akacheka. "Plastiki hiyo, ikipata joto hufanya hivyo. Lakini nitamwandikia muuzaji, usijali."

Alimwandikia, sitaki kumsingizia. Muuzaji akajibu kwa picha ya mikono iliyofumbatana, na baada ya hapo duka lenyewe halikuonekana tena kwenye simu. Hussam akasema tungoje apate siku ya mapumziko aiangalie.

Bi Kafedha alikuwa akitusikia. "Bi Mwanaima, ulipozaa wewe ulipepewa kwa pepeo la ukindu. Sasa wataka kila mzazi apepewe kwa ukindu."

"Nilipepewa, na sikuungua," nikamjibu.

Siku mbili tatu baadaye, Hussam akiwa kazini, jua lilikuwa kali na betri inajaa. Nilikuwa nafagia nikasikia mlio mdogo kutoka chini ya kitambaa: tik, kisha kimya, kisha tik, tik, kama mafuta yanayoanza kushika moto. Nyaya zile sizijui, sikuthubutu kuzishika. Niliuegemeza ufagio ukutani nikaingia chumbani.

"Ruwaida."

"Abee, Mama."

"Mfunge mtoto. Tunatoka."

"Kwenda wapi? Na arubaini?"

"Arubaini itatukuta huko tuendako."

Bi Kafedha alikuwa amekwisha kufika mlangoni, amenyoosha mikono huku na huku. "Mzazi hatoki! Kitovu cha mtoto kimedondoka juzi tu! Na jua hili, na macho ya watu, na mashetani wa mchana!"

"Mashetani wa mchana nitawasomea Ayatul Kursiyu, wataondoka," nikamwambia. "Huyu aliye nyuma yako hasikii kisomo. Nipishe."

"Watu watasema nini?"

"Watasema mzazi yu hai. Nipishe, Bi Kafedha. Wallahi sitakuomba mara ya tatu."

Sijui aliona nini usoni mwangu. Alishusha mikono. Nikamtanguliza Ruwaida na mtoto, tukapita ukumbini tukiwa tumeubana ukuta, tukatoka.

Barazani walikuwepo watu, kama kawaida. Mmoja akapaza sauti, "Bi Mwanaima! Mwafukuzwa na feni leo?"

"Tunafukuzwa, na nyinyi sogeeni mbali na ukuta huo."

Wakacheka. Hawakusogea.

Ng'ambo ya njia anakaa Nafula, mwanamke wa bara anayepika chapati mlangoni kwake. Hakucheka. Alituona tukivuka, akaacha chapati kwenye kikaango, akaja mbio na leso ya kujifunga, akaitandaza juu ya kichwa cha Ruwaida ili jua lisimpige mtoto.

"Ingia, Mama Hussam. Kuulizana ni baadaye."

Alitoa shuka za kitandani kwake akatandika nyingine, zinanuka sabuni. Akavuta pazia. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama ile picha ya Yesu ukutani itatusumbua, aitoe. Nikamwambia, "Iache, mwanangu. Nyumba ni yako." Chapati ile iliungua. Hakuitaja.

Bi Kafedha, aliyetoka nyuma yetu akabaki barazani, alimpigia simu Hussam. Alikuja alasiri na nguo zake za kazi, amekunja uso. Akasimama mlangoni kwa Nafula.

"Mama, umeniaibisha."

"Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Sasa sema."

"Mke wangu yuko nyumba ya watu, ndani ya arubaini yake, kwa sababu ya betri! Mtaa mzima unanicheka. Rudini nyumbani, Mama, tafadhali."

"Haturudi. Mimi na hawa wawili hatuvuki kizingiti kile maadamu kile kitu kimo ndani. Na nikifa kabla hujakitoa, utakuja kulichukua jeneza langu hapa hapa, kwa Nafula."

"Kwa joto tu?"

"Kwa joto tu."

Akafungua mdomo ajibu, na hapo Ruwaida akasema kutoka nyuma ya pazia. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini sote tulimsikia. "Hussam, ile feni niliipenda. Ila nikilala naisikia betri ikilia. Sikusema kwa kuwa niliogopa kukuvunja moyo."

Mwanangu aligeuka. Akavuka njia.

Tulimtazama kwa dirisha la Nafula. Alivaa glovu zake za bandarini, akawaambia wale wa barazani waondoke, na safari hii wakaondoka. Akaingia. Akatoka akiiburura betri juu ya kipande cha ubao, taratibu, mpaka kwenye uwanja wa mchanga, mbali na kuta za watu. Nikamfuata. Alikuwa amechuchumaa, anavuta kitambaa, na kitambaa hakitoki. Maua ya manjano yalikuwa yameyeyuka yakashikana na ganda la betri.

Hakuniangalia. Alisema tu, "Mama," basi.

Nikamwekea mkono begani. Nilijua alikuwa anaona nini: ule mlango, na sisi tuliokuwa nyuma yake.

Watu walikuwa wamejaa. "Mbona haikulipuka?" akauliza mmoja wao, kama aliyedhulumiwa.

"Mwataka ilipuke ndipo mniamini?" nikamwambia. "Basi msiniamini. Nendeni mkale."

Talha, kijana wa duka la simu karibu na feri, akasogea. "Hussam, niuzie mimi. Ndani humo hazikosi seli nzima. Nitazitoa, nitatengeneza betri nyingine ndogo ndogo, zitauzika haraka."

Hussam alihitaji pesa ile irudi, nalijua hilo. Nilitaka kusikia jibu lake.

"Wataziweka wapi?" akauliza Hussam.

"Nani?"

"Watakaonunua. Wataziweka wapi usiku?"

"Ah, sasa hayo mimi nayajulia wapi?"

"Haiuzwi," Hussam akasema. Akachimba shimo katika mchanga kwa mikono yake, akaifukia, na akalinda pale mpaka jua likatua, watoto wasiisogelee. Baadaye alipata watu wanaokusanya taka za umeme kule Changamwe, wakaichukua.

Tulirudi nyumbani jioni ile. Joto liliturudia pia. Asubuhi niliingia chumbani nikamkuta Bi Kafedha kitandani kwa binti yake, na pepeo la ukindu mkononi, anampepea Ruwaida na mtoto. Nilipoketi, akalizungusha pepeo upande wangu, akanipepea na mimi.

Maneno ya mtaani yalikuja wiki ile ile. Mwanamke mmoja wa barazani alisimama dirishani petu akasema, kwa sauti ya kusikika ndani, "Nimesikia humu mzazi alitolewa nje na jua. Sijui ni nani aliyethubutu."

Nilikuwa nainuka nimjibu. Bi Kafedha akanishika mkono, akanikalisha, akaenda dirishani yeye.

"Alitolewa na mama zake wawili," akasema. "Una neno?"