Chiriku Bado Anacheka

Fundi cherehani alikuwa akipinda sketi ya shule gari la matangazo lilipokunja kona. Mguu wake ukaganda juu ya pedali.

"Mama, nimepona! Nataka kucheza!" kipaza sauti kilipayuka. Kikafuata kicheko, kisha jina la dawa.

Sauti ilikuwa ya binti yake. Loo, mtoto yule! Hakuwa na breki mdomoni, ndiyo maana wakamwita Chiriku. Walikuwa wamemzika mwezi uliopita.

Fundi aliiacha sketi mashineni, akaenda moja kwa moja ofisini kwa muuza dawa.

"Itoeni, kaka yangu. Mtoto hayupo tena."

"Pole sana, dada. Kazi ya Mungu haina makosa." Alimvutia kiti. Alikuwa mtu wa kuuma na kupuliza. "Lakini siku tuliyomrekodi, si alikuwa anacheza?"

"Alicheza. Baadaye homa ikarudi."

"Basi tumedanganya wapi?"

"Mmesema nusu. Nusu ya pili nimeizika mimi."

"Watu wote wanaoinywa, mbona hajaja mwingine kulalamika? Na hospitali ulimpeleka lini?"

"Nilichelewa. Nilikuwa naisubiri dawa yako ifanye kazi!"

"Umeona? Umekiri mwenyewe. Ulichelewa."

Fundi alilia. Alilia kwa hasira, na kwa sababu usiku mwingi alikuwa amejiambia neno hilohilo.

"Basi yaishe," muuza dawa alisema, akamgeuzia kompyuta. "Nafuta sasa hivi. Ikifutika, haipo tena popote. Nifute?"

"Nipe mimi kwanza, nibaki nayo."

"Hiyo ni mali ya kampuni, dada. Nifute?"

Nyumbani alikuwa na nguo za mtoto na kandambili zake. Sauti hakuwa nayo. Aliuondoa mkono wa muuza dawa kwenye kompyuta, akaondoka.

Kesho yake alikuja mteja mgeni kuchukua sketi, mtoto amemfunga mgongoni, anachemka homa. Gari likakunja kona.

"Fundi, hiyo dawa inasaidia kweli?"

"Ngoja kidogo, dada," fundi alinong'ona, sikio dirishani. "Ngoja acheke."

Chiriku akacheka. Fundi alipogeuka, sketi ilikuwa bado mezani na mteja yuko barabarani, analipungia gari mkono.

"Dada! Usinunue! Amekufa huyo!" alipiga kelele, akikimbia pekupeku.

Mteja hakugeuka. Juu ya gari, kwa sauti ya kufika mtaa wa pili, mtoto alikuwa anasema, "Mama, nimepona!"