Kilima cha kwa Ng'ang'a

Mwihaki alianza kuwa kilima Jumamosi moja asubuhi, akiwa ameshaanika nguo na chai haijachemka. Alikuwa amelala chali nyuma ya nyumba yao kule Yamumbi, mahali ambapo mahindi yalikuwa yameshavunwa, akiota jua kidogo kabla ya kwenda kazini mjini kwenye duka la dawa za mifugo. Kwanza alihisi mgongo umekuwa mzito. Kisha nyasi zikamwota magotini, na alipogeuza macho aliona paa la nyumba liko chini yake, na kwamba mabati ya upande wa jikoni yameliwa na kutu kuliko walivyodhani. Mama yake, Eddah, alitoka na sufuria mkononi akatazama juu.

"Mwihaki, chai imeiva," alisema. "Na ukishuka usikanyage sukuma wiki zangu."

Alipoinuka, kilima kikaisha. Pale alipokuwa amelala palibaki tambarare kama zamani, ila mabua ya mahindi yalikuwa yamelalia upande mmoja. Akanywa chai, akajisugua udongo shingoni, akaenda kazini. Alichelewa kidogo tu.

Nyumbani hawakuwa na sababu ya kushtuka, maana msichana mwenyewe alikuwa amelitangaza jambo hilo tangu darasa la pili. Mwalimu Hulda aliwauliza watoto mmoja mmoja wangependa kuwa nani wakiwa wakubwa. Wakapatikana marubani, wakapatikana madaktari wa kujaza hospitali nzima, na mmoja aliyetaka kuwa gavana kwa sababu ya ving'ora. Mwihaki akasema anataka kuwa kilima. Mwalimu akamtoa nje asimame mpaka apate kazi ya maana, naye akasimama mpaka kengele ya kwenda nyumbani bila kubadilisha neno.

Hakuwa mtoto mjinga, na sababu yake haikuwa ya kijinga. Kila mgeni aliyekuja kwao, akishashiba, aliwatazama kaka zake wawili, Gathogo na Munene, akasema hawa ndio wenye boma. Akimfikia Mwihaki alitabasamu na kusema, huyu ni wa kwenda. Alikuwa wa kwenda hata kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Halafu siku moja akapelekwa Timboroa kumwamkia shangazi yake, akaviona vilima vimekaa pale vilipokaa, watu wanavilima, mbuzi wanavipanda, ukungu unavifunika na kuvifunua, na hakuna hata mtu mmoja anayeviuliza vitaondoka lini. Akaona hiyo ndiyo kazi yake. Baadaye alisomea mambo ya udongo chuo kikuu kule Chepkoilel, na wazazi wakashukuru kwamba masomo yamemtoa kwenye yale mambo ya utotoni. Kumbe ndiyo alikuwa anajinoa.

Basi ikawa akilala chini shambani anakuwa kilima, akiinuka anakuwa Mwihaki. Upande ule wa Yamumbi ni tambarare, na kilima kilipopatikana watu walikizoea upesi. Wakimbiaji walikuwa wa kwanza. Kocha wao, bwana mmoja mpole aliyeitwa Joash, alikuja mpaka dukani kumwomba kwa adabu.

"Dada, kesho utalala saa ngapi?" alimuuliza. "Vijana wangu wanataka mpando wa kufanyia mazoezi."

"Asubuhi mapema. Lakini waambie wasiteme mate."

Baada ya wakimbiaji wakaja kina mama wa maombi, wakiongozwa na Mama Musimbi, ambao kwa miaka walikuwa wakisafiri mbali kutafuta mlima wa kufungia na kuombea. Walivua viatu chini, wakapanda hadi kwenye bega la Mwihaki, wakapiga magoti na kulia kwa sauti. Waliombea nchi, wakaombea mvua, kisha wakamwombea Mwihaki mume, mtu mwenye hofu ya Mungu na asiyekunywa. Mwihaki aliyasikia yote, maana yalisemewa karibu na sikio lake. Hakuwakatiza. Jirani yao Nderitu ndiye pekee aliyelalamika, kwamba kivuli kinaharibu spinachi zake, na mambo yakaisha Mwihaki alipokubali kulala kichwa kikiwa kimeelekea nyumba yao.

Ilikuwa miezi mizuri, na Mwihaki alikuwa na furaha, furaha ya kweli ya mtu aliyepata alichokitaka tangu utotoni huku wenzake waliotaka urubani wakiuza laini za simu. Akiwa amelala aliona mji wa Eldoret wote, maghala ya nafaka na minara ya makanisa, na hakuna aliyemwambia ni wa kwenda. Kisha baba yake, Mzee Ng'ang'a, akaanza kuumwa magoti, na akatangaza mezani kwamba atawagawia watoto shamba akiwa bado anaona.

"Gathogo atachukua upande wa kushoto," alisema. "Munene, wa kulia. Mimi na mama yenu tutabaki na hapa pa nyumba hadi tuitwe na Mungu."

"Na mimi, baba?" Mwihaki akauliza.

Mzee akaweka kikombe chini. Alimpenda sana binti huyu. Alikuwa amempa jina la mama yake mzazi, kama desturi ya Wakikuyu inavyotaka kwa binti wa kwanza, na tangu siku aliyozaliwa hakuwahi kumwita kwa jina hilo. Alimwita Maitu, yaani mama, na akimwita hivyo alishusha sauti.

"Maitu, wewe ni mama yangu," alisema. "Umeona wapi mama anarithi mtoto wake? Nikikupea shamba, si itakuwa ni kukurudishia kitu yenye ulinipea?"

"Mimi sikukupa kitu. Nilizaliwa nikakupata hapa ukiwa na shamba tayari."

"Usinijibu hivyo, Maitu. Tafadhali." Na tafadhali hiyo ilikuwa ya heshima kabisa, ya mtu anayeongea na mzazi wake.

"Siz, kwani presha ni ya nini?" Munene akaingilia. "Si utaolewa na msee ako na shamba."

"Na kama hana?"

"Basi si utaolewa na mwingine."

Mwihaki akaenda kwa chifu. Chifu alimsikiliza vizuri, akamwambia sheria iko wazi na iko upande wake, mtoto ni mtoto, kisha akamshauri arudi nyumbani wakaelewane na mzee. Njiani akirudi Mwihaki alikuwa na hasira iliyomfanya apite nyumba yao bila kuiona. Hakutaka shamba ili aliuze. Alitaka mahali pa kulala chini bila kuomba ruhusa. Ndipo akapata wazo lililoonekana zuri: mpima ardhi akija, atamkuta kilima. Kilima hakihamishwi. Itabidi wapime wakimzunguka, na pale alipolala patakuwa pake.

Mpima ardhi alikuwa Ooko, mzaliwa wa huko ziwani, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata akija kukanyaga matope. Alifika na vyombo vyake akakuta wazee wawili wa kanisa wameketi kama mashahidi, mbuzi amefungwa kwenye mti, na Mwihaki amejilaza tangu alfajiri, mikono wazi, akiwa mkubwa kuliko alivyowahi kuwa.

"Huyu ni nani?" Ooko akauliza.

"Ni dada yetu," Gathogo akajibu. "Akilala anakuwanga kilima."

Ooko akatikisa kichwa kukubali. "Kule kwetu nishawahi kupima bwawa lenye lilikuwa shemeji ya mtu. Haina shida." Akapanda mpaka tumboni, akasimamisha chombo chake cha miguu mitatu, akachungulia, akaandika. Kisha akawaita wote.

"Nisikizeni vizuri. Mtu akilala kwa shamba, tunangoja aamke. Mtu hapimwi. Lakini kilima ni kitu ya shamba, kama kisima, kama mti. Shamba ikigawanywa, nacho kinagawanywa."

"Mimi ni mtu," Mwihaki akasema, na sauti ikatokea chini ya nyasi karibu na kiatu cha Ooko.

"Basi inuka, madam, tuongee kama watu."

Mwihaki alifikiri kwa makini, kama alivyofikiri kila jambo maishani mwake. Akiinuka, shamba litakuwa tambarare, naye atakuwa binti amesimama kwenye mabua huku wengine wakipigiwa vigingi. Akibaki, atakatwa katikati. Hasira ilimpanda hadi mchwa wakaanza kutoka. Lakini alibaki, kwa sababu kati ya kukatwa nyumbani na kuwa mzima kwa watu, aliona heri nyumbani.

Mstari ukapita kwenye paji la uso, ukashuka kitovuni, ukatokea kati ya nyayo. Gathogo akapata upande wenye moyo, Munene akapata wenye ini, na Munene ndiye aliyefurahi zaidi kwa kuwa wake ulikuwa karibu na barabara. Wazee wakapanda juu ya mstari yale maua meupe ya mpaka, matooka, ambayo yakishapandwa hakuna mtu wa kabila lao anayethubutu kuyang'oa. Mbuzi akachinjwa, nyama ikaliwa pale pale juu ya tumbo, na baba akaomba baraka. Mwihaki hakupewa nyama, maana ilionekana ni ajabu kulisha kilima.

Jumatatu aliinuka aende kazini. Aliporudi jioni na kujilaza, maua yalikuwa yamesogea kuelekea upande wa Munene, na ndugu wawili walikuwa wameshikana mashati. Mzee Ng'ang'a akapanda kwa tabu, akisimama kila hatua chache kushika magoti, hadi karibu na sikio.

"Maitu, tulia sasa," alimsihi. "Unaona vile unafanya wajukuu wako wapigane? Ngoja tu maua ishike mizizi."

Akatulia. Dukani wakamngoja wiki moja, kisha wakaandika msichana anayeitwa Linet, na huo ukawa mwisho wa kazi hiyo. Maua yakashika mizizi, lakini ilipofika hapo Gathogo alikuwa ameweka waya, na Munene upande wake alikuwa amepanda miche ya parachichi, na wote wawili waliomba kwa upole asitikisike. Mama yake alimletea chai kwenye chupa jioni, akaimwaga taratibu pale alipokisia ni mdomoni, kisha akaketi.

"Baba yako hana roho mbaya," alisema.

"Najua. Ndiyo inaniuma."

Mama Eddah akavuta leso mabegani. "Mimi pia nilikuwa wa kwenda. Nikiwa mdogo kule Nyeri waliniambia hivyo kila siku. Nikaenda."

"Ukafika wapi?"

"Si ndio hapa," mama akasema. "Na hapa ni kwa Ng'ang'a." Akafunga chupa, akashuka akipitia upande wa Gathogo, kwa kuwa ndio aliopewa ruhusa.

Mwaka haukuisha kabla ndugu hao hawajapatana. Waliona kwamba mandhari ya juu ya kilima haipatikani popote Yamumbi, wakakata viwanja, wakasimamisha bango barabarani lililoandikwa Hill View. Jumamosi walileta wanunuzi. Mmoja wao alikuwa mama mstaafu, mwalimu, aliyevaa raba nyeupe na kushika mwavuli. Alipanda polepole hadi bega la kulia, akasimama, akatazama mji, akavuta pumzi ndefu. Mwihaki alimpenda. Alikuwa na mguu mwepesi, na hakutema mate.

"Hii kilima ni ya nani?" mama huyo akauliza.

"Ni yetu," Gathogo akasema. "Ya familia."

Kwa dakika moja Mwihaki alifurahi. Hakuwa amewahi kumsikia kaka yake akisema hivyo mbele ya watu, na alijikuta akitaka kuliamini lile neno.

"Na nikijenga hapa, nina uhakika itabaki?" mama akauliza tena. "Nimesikia kuna siku ilikuwa inaondoka."

"Ilikuwa zamani, mama," Munene akasema. "Siku hizi itaenda wapi?"

Wote wakacheka kidogo, kwa adabu. Mwihaki alitamani kuinuka wakati huo huo, awaangushe wote pamoja na waya na parachichi, atembee hadi barabarani. Lakini yule mama alikuwa ameanza kushuka, na alilalamika kwamba goti moja lina matatizo. Mwihaki akalegeza udongo kidogo chini ya raba zake ili asiteleze, akangoja afike chini.