Dawa Ndani ya Kopo la Poda

Mji mzima haukuwa na kinyozi mwenye mkono uliotulia kama wa huyu Kinyozi wetu. Ni kweli kwamba mji wenyewe ulikuwa na vinyozi wawili tu, na yule wa pili alikuwa na mtoto wa jicho.

Hata hivyo sifa alistahili. Bado alinyoa ndevu kwa wembe wa kukunja, na wanaume wazima walikuja kumkabidhi makoo yao, wakafumba macho, wengine wakakoroma kabisa.

Mkewe alishinda naye dukani, kwenye stuli pembeni ya mlango. Yeye ndiye aliyefua mataulo, aliyeosha makopo, na aliyehakikisha kila asubuhi kwamba kidonge cha presha cha mumewe kimeshuka tumboni. "Fungua mdomo nione," alimwambia kila siku, kama anayekagua punda wa kununua. Kinyozi alifungua, akatoa ulimi, na mambo yakaisha hapo.

Kidonge cha pili ndicho ambacho mkewe hakukijua.

Kwa miezi mingi Kinyozi alikuwa anahangaika na choo usiku kucha, anasimama gizani kama mlinzi, na kinachotoka ni matone ya kuhesabu. Mwishowe alikwenda hospitali ya mbali, asikojulikana. Daktari akamwambia ni tezi dume, akamuuliza kama anatumia dawa nyingine yoyote. Kinyozi akaapa hata ya kichwa hanywi. Basi akapewa vidonge na onyo: kunywa ukienda kulala, na ukiinuka inuka polepole, vinaleta kizunguzungu.

Ukienda kulala. Kitanda kimoja na yule mkaguzi. Kinyozi akaona bora anywe asubuhi, dukani, mkewe akiwa nje anamwaga maji. Vidonge akavificha ndani ya kopo tupu la poda chini ya kioo.

Mnaweza kuuliza, aibu ya nini, ugonjwa ni ugonjwa. Aibu ni kwamba dereva mmoja mstaafu alipougua tezi hiyo hiyo, Kinyozi ndiye aliyempachika jina la Bomba Bovu. Duka zima lilicheka mpaka maskini akahamia kwa kinyozi wa mtoto wa jicho. Na mke wa Kinyozi, ukimpa siri asubuhi, mchana unaikuta sokoni imetangulia kufika.

Basi siku ya kwanza akameza, na vidonge viwili vikakutana tumboni bila kutambulishana.

Mteja wa kwanza alikuwa Mfamasia, mwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara. Akaketi, akaegemea nyuma, akafumba macho. Kinyozi akampaka povu, akanyoa shavu moja vizuri tu. Brashi ikamponyoka. Akainama kuiokota, akainuka kwa haraka, akaushusha wembe kwenye koo.

Ndipo kioo kilipoanza kutembea.

Masikio yalivuma. Giza likaingia kutoka pembeni, likibakiza katikati kiduara kidogo, na ndani yake shingo ya mtu na makali. Mfamasia alihisi wembe umesimama. Akafumbua macho, akauona kwenye kioo uso wa Kinyozi umepauka kama maji ya kuoshea vyombo.

"Kinyozi," alisema bila kusogeza taya, "uko sawa?"

"Niko sawa."

"Umekula?"

"Kala, tena sahani kaifuta kwa kidole," mkewe akajibu kutoka mlangoni. "Na kidonge chake cha presha nimemnywesha mwenyewe."

"Na dawa nyingine?"

Kinyozi alimwangalia mkewe kwenye kioo. Neno moja tu, aliweke mezani, aketi chini, apumue. Akaliona linavyokimbia kuelekea sokoni.

"Hakuna nyingine."

Wembe ulikuwa unacheza kidogo. Mfamasia akameza mate. Kikoromeo chake kikapanda, kikakutana na makali, kikarudi kwao taratibu.

"Shemeji," alinong'ona, "njoo umshike mkono wa kulia. Usikimbie. Usimshtue."

Mke aliweka taulo chini. Alikuja kwa kunyata, akakikamata kifundo cha mkono kwa vidole vyake vyote, akauinua wembe juu kama anayemnyang'anya mtoto kisu. Tone la damu likabaki shingoni. Halafu Kinyozi akaporomoka kando ya kiti.

Walimlaza sakafuni, miguu juu ya stuli. Mfamasia alivuka barabara na povu lake nusu uso, akarudi na kipimo cha presha. Akapima, akapima tena.

"Imeshuka mno," alisema. "Kile cha asubuhi umekizoea miaka, peke yake hakikuangushi hivi. Kuna kitu kimekisaidia. Nikikijua najua tunapambana na nini. Nisipokijua, nabahatisha na roho yako."

"Ni joto tu."

"Leo watu wamevaa masweta," mkewe alisema. Akatafuta kazi ya kuipa mikono yake. "Shemeji, ngoja nikupake poda, hiyo damu ikauke." Akanyakua kopo lililokuwa karibu bila kutazama ni lipi, akalitikisa.

Likagonga.

Akalitikisa tena, akalifungua. Kikamdondokea kiganjani kipande cha pakiti ya vidonge, kidonge kimoja kimeshatolewa. Mfamasia akakisoma kwa nyuma.

"Ya tezi dume," alisema. "Nayo inashusha presha. Tafuta gari, shemeji. Hospitali wamwangalie, na daktari aambiwe zote mbili."

"Si yangu hiyo," Kinyozi akasema kutoka sakafuni. "Kuna mteja aliisahau. Wiki iliyopita."

Mkewe alichuchumaa karibu na kichwa chake.

"Kopo hili jana jioni nililimaliza poda, nikaliosha, nikalifuta, nikaliweka pale likiwa tupu," alisema polepole. "Haya, nitajie huyo mteja, nikamrudishie dawa yake."

Kinyozi akafungua mdomo, kama anavyoufungua kila asubuhi, na mkewe akainama kuangalia. Humo hamkuwa na kidonge wala jina la mteja.